Aliyeitikiwa Marahaba Sokoni

Castries, Saint Lucia
Jumapili mchana

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Mguu vipi, uvimbe umepungua au bado unajidai huuoni? Na Nasra wangu anakusumbua, au ameshazoea kulala bila mama yake? Mimi mzima wa mwili, nakula, nalala. Bibi ninayemtunza naye hajambo, isipokuwa ulalamishi wake wa Upanga amesafiri nao mpaka huku. Kila kitu cha kisiwa hiki kina kasoro, hata mvua yao anasema inanyesha vibaya.

Utashangaa kuona karatasi. Simu yako ni ya nyumba nzima, mama anaishika kuliko wewe mwenyewe, na sauti ninazotuma anazisikiliza yeye kwanza kabla wewe hujarudi kutoka Kariakoo. Haya ninayotaka kukwambia hayafai kupita kwake. Mpwa wa bibi anarudi Dar wiki hii, nimemwomba akuletee mkononi dukani. Tafadhali soma ukiwa peke yako.

Dada, yule si Rajabu.

Najua mama ameshakwambia kaka amepatikana, na najua umeninunia kwa kuwa hukusikia kutoka kinywani mwangu. Nisikilize basi nikueleze ilivyokuwa, halafu ndiyo unigombeze.

Nilipotua huku laini yangu ya Bongo ilimaliza salio lote kabla sijatoka uwanja wa ndege. Nikaizima. Kijana wa duka la simu akanisajilia laini ya hapa kwa pasipoti, akaniwekea kifurushi. Nyumbani kwa mtoto wa bibi kuna intaneti ya bure, tena ya kasi, nikajua mama atafurahi kunipigia video mpaka achoke. Siku ya kwanza nikamwonesha sebule, jiko, bibi kwenye kiti chake. Mama akasema, "Nyumba nimeiona, Saumu. Toka nje."

Nje hakuna intaneti ya bure. Nje ni kifurushi, na video inakila kifurushi kama mchwa. Nikatoka hivyo hivyo, nikajishikia simu usoni, nikatabasamu. "Geuza simu bwana, sura yako naijua," akasema. "Nioneshe watu."

Basi ikawa hiyo ndiyo kazi yangu. Kila Jumamosi nikienda sokoni kumnunulia bibi mboga, huku saa tano asubuhi, kwenu inakaribia magharibi, mama ananisubiri. Nanyanyua simu kifuani, natembea katikati ya watu taratibu. Nasikia tu anavyopumua, na honi za bodaboda nyuma yake. Mara, "Huyo aliyepita, mrudie." Narudi. "Hapana, endelea." Kuna Jumamosi tulizunguka soko lote namna hiyo na hakuniuliza hata kama nimekula.

Wewe ulishakuwa mkubwa siku ile kaka alipopotea, unakumbuka kuliko mimi. Rajabu aliaga anakwenda Feri kununua samaki, mama ameshakuna nazi. Jioni akaja Hamisi, aliyekuwa akisukuma naye mkokoteni, akasema Raja kazamia meli. Basi. Hakuna aliyejua meli gani. Mpaka akaja yule mzamiaji aliyerudishwa, akasema alimwona Raja kwenye kisiwa cha watu weusi watupu, wanaongea Kiingereza na kula mashelisheli. Visiwa vya namna hiyo ni vingi, dada. Kwa mama kikawa kimoja. Sasa ndipo nimeelewa kwa nini yeye, ambaye hata kulala Kibaha alikuwa ananikatalia, niliposema nimepata kazi ya kwenda huku alininyooshea begi siku ile ile.

Na hapa usinicheke. Mimi mwenyewe nilianza kuona. Watu wa huku ni sisi, Mwajuma. Nimemwona bibi yetu mzaa mama, aliyeshazikwa, anauza ndizi, kajifunga kitambaa kichwani vile vile. Nimemwona marehemu muuza kahawa wa Mnazi Mmoja akivuka barabara na mwavuli. Ninawasalimia kwa Kiswahili kabla sijajizuia, nao wananitazama kwa upole, hawajibu, kama marehemu anavyokujia ndotoni ukamsemesha akanyamaza. Nikawa naogopa kwenda sokoni. Nikawa naogopa zaidi kutokwenda, kwa sababu mama ananisubiri.

Sasa Jumamosi ya wiki iliyopita. Tupo upande wa wauza viungo, mtandao unakatakata kwa sababu meli ya watalii imetia nanga na kila mtu kashika simu. Mama akapiga kelele, "Huyo! Huyo wa fulana ya kijani! Raja!" Sauti ilifika imechelewa, mtu ameshapita. Picha ya mama ikaganda mdomo wazi. Halafu ikatoka kabisa. Kifurushi kimekwisha.

Nikageuka, nikamwona kwa nyuma. Dada, nakuapia, ni yeye. Bega la kushoto limeshuka, lile la kubebea magunia. Shingo yake. Namna anavyotupa mguu wa kulia. Nimebeba kapu la watu, nikakimbia nalo, nyanya zikamwagika, naita "Raja! Kaka!" na hageuki. Nikamkuta kituo cha mabasi cha pale pale sokoni anapakia makreti ya soda kwenye gari. Nikamshika mkono.

Akageuka. Sura ni ile, macho si yale. Nikaanza kulia pale pale mbele ya abiria.

Anaitwa Garvin. Amezaliwa hapa hapa, mama yake hapa, bibi yake hapa. Hakunikasirikia. Kwa Kiingereza changu kile cha kuungaunga nikamweleza kwamba mama yangu kamwona kwenye simu, kamdhania mwanawe aliyepotea, na sasa simu imekatika na yuko huko anahangaika. Akatoa simu yake, akaniunganisha na intaneti yake. "Mpigie," akasema. "Hakuna mama wa kuachwa hivyo."

Nilitaka mama aone mwenyewe kuwa siye, yaishe. Ndiyo niliyotaka, wallahi. Nikapiga, nikamwelekezea Garvin simu. Mama akamtazama. Akasogeza simu karibu mpaka nikawa naona jicho moja tu. "Mwambie avue kofia." Akavua. Nikasema, "Mama, huyu anaitwa Garvin, kazaliwa huku, si kaka." Wakati huo adhana ya magharibi imeanza kwenu, imejaa kwenye simu, sijui alinisikia au la. Mimi jua liko utosini, nasikiliza adhana ya Kariakoo, na kaka yangu kasimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Mwambie anisalimie," mama akasema.

Garvin akaniuliza anataka nini. Nikamwambia anataka salamu. Akauliza aisemeje. Sisi tumezoea, mtu mzima anasalimiwa, sikufikiria mara mbili. Nikamfundisha.

"Shikamoo, mama," Garvin akasema. Aliisema vizuri. Aliisema kwa sauti ya Rajabu.

Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akaitikia tena na tena mpaka mtandao ukakatika, na Garvin akaitwa na dereva wake.

Nilipofika nyumbani nikampigia haraka nimwambie ukweli. Hakunipa nafasi. "Kiswahili kimempotea," akasema, "salamu haikumpotea. Mtoto haisahau salamu ya mama yake." Nikamwambia, mama, nimemfundisha mimi. Akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu utoto wangu. Akasema, "Unamwonea haya kaka yako kwa kuwa anabeba mizigo. Ndiyo kazi aliyotoka nayo nyumbani." Nilishindwa.

Tangu siku hiyo ananitumia sauti kila asubuhi. Amepeleka maandazi ya shukrani madrasa. Anauliza urefu wa kanzu ya kumshonea huyo mwanawe. Hayo yote ningeyavumilia, ningesema mwache mtu mzima afurahi. Lakini juzi kasema jambo lililoninyima raha. Kasema amekwambia usiiwekee tena vocha ile laini ya Rajabu aliyoiacha nyumbani, kwa kuwa mwenyewe ameshapatikana. Laini hiyo, uliyoisajili upya kwa kidole chako ili isifungwe, ndiyo namba pekee ya nyumbani ambayo Raja angeikumbuka kichwani. Sisi wote tumeshabadili. Ikikaa bila kutumika wataifunga, watamuuzia mtu mwingine.

Jana nilimsingizia mama mtandao mbovu, nikamtafuta Garvin kituoni peke yangu. Nilimpelekea kashata nilizopika mwenyewe, nikamshukuru, nikamwomba radhi. Tukaongea. Nikamwuliza umri. Alivyonitajia nikamwomba arudie. Ni umri wa Rajabu siku aliyoaga kwenda Feri.

Umeelewa? Mimi siku ile nilikuwa darasa la tano, na leo Nasra ndiye yuko darasa la tano. Mama amemwona mwanawe vile vile alivyotoka mlangoni, na mimi nikamkimbiza vile vile. Muda wote huu, mimi na mama na simu yetu, tumekuwa tukitafuta kijana. Rajabu kama yupo ana mvi. Labda ana kitambi, labda meno yameng'oka, labda anatembea kwa fimbo. Huenda alikuwa pale kwenye viungo tangu Jumamosi ya kwanza, na mama akasema hapana, endelea. Na yeye angenijuaje mimi, aliyeniacha na sare ya shule? Tungeweza kuuziana ndizi tukarudishiana chenji na kila mmoja akashika njia yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisiwatazame watu kwenye basi. Niliwatazama tu. Kila mzee aliyekaa barazani nilihisi ananijua.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, leo hii ukimaliza kusoma, weka vocha kwenye ile laini, mpigie mtu yeyote ili ionekane inatumika, na mama asijue. La pili, Jumamosi funga duka mapema. Uwe nyumbani kabla ya magharibi, kaa karibu naye, ubavuni kabisa, umshike mkono. Nitapiga video na nitamwambia. Nikimwambia nikiwa peke yangu huku, simu ikikatika katikati, nitakufa mimi.

Atalia, na atanitukana, najua. Akishanyamaza, kama atataka tuendelee kutafuta, kifurushi nimeshanunua kikubwa. Safari hii nitamwonesha wazee.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake sijaisahau. Nisalimie mjomba Athumani, na mama mdogo wa Kigamboni akivuka kuja kwenu, na yule jirani yako wa duka anayekukopesha mizani. Nasra mbusu kwenye paji la uso, umwambie mama yake anahesabu siku. Garvin naye kaniambia nifikishe salamu kwa mama, lakini hizo usizifikishe.

Za kwangu pia kwa mama zishike. Nitampa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Saumu