Teke Chini ya Kiganja

Lusaka, Jumapili ya Pasaka, mwaka wangu wa thelathini na nane mbali na Kyela.

Ndaga, nakusalimu kwa lugha ya kwetu, mjukuu wangu Tusajigwe. Mjomba wako, ninayeishi naye hapa, anakusalimu, na goti langu limetulia.

Unauliza, kwa mimba hiyo, upasuliwe mguu ukiwa usingizini au kwa sindano ya ganzi mgongoni. Hilo daktari wako analijua kuliko mimi. Ninalojua ni la bibi yako, mke wangu, mfinyanzi wa Ikombe kule Kyela, aliyepasuliwa mguu akiwa na mimba ya miezi saba. Alichagua ya mgongoni. "Nikilala, mtoto atabaki na nani?"

Niliruhusiwa kukaa karibu na kichwa chake. Muuguzi akamtania, "Mama, miguu hii ya nani?"

"Ya jirani. Mtairudisha."

Kisha hofu ikamwingia. Akagonga tumbo kwa kidole, kama wafinyanzi wanavyogonga chungu kilichotoka motoni kusikiliza ufa. Kimya. Akagonga tena, akaweka kiganja. Tumboni hakuhisi kitu, lakini kiganja kikainuliwa na teke. Nusu ya mwili ilikuwa imelala, na mama na mwanawe wanaongea. Sijaona kikubwa kuliko hicho.

Mtoto yule ni mama yako.

Wako akizaliwa, mpeleke Ikombe, kwenye kaburi la bibi. Mimi, kwa umri huu, sitarudi.