Siku mashini ilipomwita mwanangu Jacqueline

Alhamisi. Mvua imekatika, matope yamefika mpaka mlangoni, na mugongo unaniuma kwa kubeba mutoto. Lakini moyo unacheka wenyewe.

Wiki iliyopita mwalimu wa kompyuta aliniambia mbele ya darasa lote: "Mama, chagua. Mutoto ao mashini."

Nikamujibu: "Papa, mutoto hatoki mugongoni, na mimi sitoki hapa."

Basi akaweka sharti: Alhamisi programu yangu ifanye kazi kwenye kipimo cha watoto, pale kituo cha afya, ao nimuachie mwingine nafasi.

Ni programu ndogo tu ya Python, ile lugha ya kompyuta tunayojifunza, ya kuandika kadi za watoto wanaopimwa kilo. Jina, jina la pili, na prenomu, lile jina la kikristo. Kwetu prenomu inakuja na ubatizo, kwa hiyo niliandika: kama mutoto amebatizwa, uliza prenomu yake.

Leo tulianza na binti wa jirani, Jacqueline. Akafuata mwanangu, hajabatizwa bado.

Mashini ikaandika: Mwape Kalunga Jacqueline.

Bamama wakapiga makofi kwa kucheka. "Wee, Mama Jacqueline! Huyu si dume?" Muuguzi akaweka kalamu chini. Mwalimu akaangalia saa yake, na hiyo njo iliniogopesha zaidi.

Nikakaa, nikamunyonyesha, nikafikiri. Sikuiambia mashini ianze prenomu upya kwa kila mutoto, basi ikabaki na ya mutoto aliyetangulia. Nikaweka 0 pale mwanzo, nikifikiri sifuri ni kusema hakuna kitu. Python haiulizi unaweka kitu cha aina gani, ikapokea bila neno. Lakini ilipofika kuunganisha majina ikakataa: neno haliungwi na namba.

Ndipo nikaandika, mwanzoni mwa kila mutoto:

prenom = ""

Alama za kufungua na kufunga, katikati hakuna kitu. Hapo mashini inajua kwamba ni neno, ila bado halijafika.

Kadi ya mwanangu ikatoka safi, majina mawili tu. Tukaendelea mpaka mutoto wa mwisho. Muuguzi akasema, "Hii ibaki hapa." Mwalimu akakohoa kidogo: "Mama, Jumatatu usichelewe."

Pale mbele yao sikulia. Nililia nikiwa njiani.

Sasa mwanangu amelala, kinywa wazi, na nguo zake zinaningoja kwenye beseni. Akikua nitamuambia mimi mwenyewe: siku ile wewe ulikuwa unanyonya, na mama yako alikuwa kazini.