Pumzi Iliyogoma Kutoka

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache na nyumba ya watu wanaonong'ona.

Wale uliowapikia katika jiko la shule ya bweni bado wanatusimamisha njiani. Chakula hawakitaji, maana wewe mwenyewe ulikiri hakikuwa na la kusifiwa. Wanakumbuka utani wako pale dirishani pa kugawia: "Wewe mrefu, inama kidogo, nisije nikamwagia mwenzio!" Mtoto aliyeamka na kisirani aliondoka na sahani yake akicheka. Nyuma yako kuni mbichi zilifuka, na jiko halikuwa na bomba la kutolea moshi.

Ulipostaafu, moshi uliachana nawe, lakini kikohozi kilikung'ang'ania. Tukadhani kinga ya mwili imeshuka. Tukakununulia kila chupa iliyoandikwa kwamba inaongeza kinga, kisha tukambebea daktari mfuko mzima azione. Akatikisa kichwa. "Kinga anayo, tena imezidi mahali isipotakiwa." Akatueleza kwamba chembe za kinga zilikimbilia mapafuni kupambana na moshi, na moshi ulipokwisha zikakataa kuondoka. Zimebaki zikipigana na adui asiyekuwepo, zikila nyuzi zinazoyafanya mapafu yanywee kama mpira. Ndiyo maana hewa ikiingia inakwama.

Ukamtupia jicho shemeji yako, ambaye sote tunamwita Mgeni kwa kuwa alikuja kusaidia kwenye msiba wa Baba na hajaondoka hadi leo. "Daktari," ukasema, "hao nawajua. Mmoja wao huyo hapo."

Tulicheka wote, wewe kutushinda. Kicheko kikageuka kikohozi, midomo ikabadilika rangi, ukawekewa oksijeni pale pale, tukarudi na mtungi wake. Tangu siku hiyo kicheko kilipigwa marufuku nyumbani.

Mwanao wa kwanza alikaa mlangoni kama bawabu. "Karibuni, ila tafadhali msimchekeshe." Wageni wakaketi mbele yako na nyuso za watu wanaosubiri hukumu. Watu hudhani mgonjwa wa kifua hukosa hewa ya kuvuta. Wewe ulikuwa umejaa hewa hadi mabegani, huna pa kuitolea, na utani nao ulikukwama humo humo. Tulikuona ukianza neno, jicho limeshacheka, na mtu akakuwahi: "Mama, pumzika." Ukalimeza. Dirisha tulilifunga kwa kuogopa vumbi. Tulikuwa tunakupenda, na tuliogopa mno.

Alasiri moja uliivua barakoa ya oksijeni. Ukasema kwa vipande vipande, "Kifua kimenifunga. Na nyinyi mmenifunga. Mgeni... nichekeshe."

"Baba mdogo, usithubutu!" akasema bawabu wako.

"Mnataka nife nimenuna?" ukauliza. "Mimi?"

Tulijua kicheko kingeweza kukuondoa, na tulijua pia kwamba bila hicho ulikuwa umeshaanza kuondoka. Mgeni akakohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Shemeji, nimefikiri sana. Nimewachosha. Wiki ijayo nahama."

Ulimkodolea macho. "Unahamia wapi?"

"Chumba cha mbele. Kina dirisha kubwa."

Mama, ulicheka! Ulipiga godoro kwa kiganja, ukacheka, ukakohoa, ukazidiwa, tukakurudishia barakoa. Ilichukua muda mrefu kifua kutulia. Kisha ukafuta machozi ukasema, "Hiyo imetoka."

Uliishi miezi kadhaa baada ya hapo, na kila siku ulidai kisa chako. Bawabu aliendelea kukaa mlangoni, ila aligeuza kiti akatazama nje ili asione. Siku ya mwisho ulikuwa umelala tu, hukuomba chochote.

Leo humu ndani hakuna aliyekatazwa kucheka. Hata hivyo, mtu akianza kisa hukiachia katikati, akatazama kitanda.

Tunaokukumbuka ni mwanao wa kwanza, wadogo zake wawili, wakwe zako, wajukuu, shemeji yako Mgeni, na wapishi wenzako ambao baadhi yao nao sasa wanakohoa.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Tunaomba tuifikie siku ya kukutaja tukicheka. Bado hatujaweza, Mama.