Kikombe cha Mhojiwa wa Nne

Jumatatu, tarehe 2 Machi
Na zaidi ya hayo, anakunja mashati yake mwenyewe. Wiki ya tano ya ndoa na bado namtazama Eric kama mtu niliyeota. Anasoma shahada ya pili, haki za binadamu na haki za kijamii. Mimi niliishia sekondari, ila kwenye kompyuta nina kasi kumshinda. Basi namchapia mahojiano ya wasichana wa kazi za nyumbani. Hakuna majina, namba tu. Waliahidiwa hivyo. Nina raha mpaka naona haya.

Alhamisi, tarehe 5
Mhojiwa wa Nne. Alihojiwa na mwanafunzi mwenzake Eric. Anafanya kazi Masaka, kwa mama mjane mwenye mbuzi wawili. Hapigwi, hatukanwi. Ila anakula peke yake jikoni, na kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganyike na vya wenye nyumba.
Nikaacha kuchapa.
Uzi ule niliufunga mimi. Nyumba ile ni ya mama yangu.

Ijumaa, tarehe 6
Sielewi. Vestine, msichana wa kazi wa mama, alipougua malaria, mama alimuuguza kama mwanawe. Mama ni mwema. Uzi niliuona usafi tu. Na mimi niliyeufunga ni nani?

Jumapili, tarehe 8
Mama kapiga simu, kauliza mume wangu anasomea nini hasa. Nikamwambia haki.
“Haki yangu mimi ni wajukuu,” akasema, akacheka.
Nilitaka kumweleza. Lakini akijua Vestine amesema, atamfukuza. Nikinyamaza, uzi unabaki. Nimeunguza maharage.

Jumanne, tarehe 10
Nilimuuliza Eric, kama mzaha: mtu akimtambua mhojiwa, afanyeje? Akaweka chai chini.
“Siri ya mhojiwa haiguswi, mpenzi. Mtu atengeneze lililo lake.”
Akanibusu kwenye paji la uso. Hakuuliza zaidi. Nampenda mpaka nachoka. Lakini lililo langu ni lipi?

Jumamosi, tarehe 14
Nimemaliza ukurasa wa Mhojiwa wa Nne. Sijabadili neno.
Asubuhi nilifungua boksi la zawadi za harusi. Vikombe sita, vyeupe, vyote sawa. Nimempigia mama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nakuja Masaka na vikombe hivi. Nitapika mimi. Nimemwambia tutakula mezani sote watatu, mimi, yeye na Vestine, ndivyo ninavyotaka mimi bibi harusi. Akasema sawa.
Uzi nitaufungua kwa mkono wangu. Mwezi huu hautaisha sijafika.