Vumbi la Jumamosi

Bondeni, Nakuru
4 Mei 2025

Mwanangu Chelangat,

Chamgei. Natumaini baridi ya Ujerumani haijakumaliza. Sisi tu wazima. Mguu wangu unauma ukijisikia, na ndugu yako Kipkemoi bado anachoma nyama kule Kikopey. Hurudi Jumamosi tu, tena bila hata mfupa wa kunionjesha. Hata harufu ya moshi hana. Mchoyo huyo!

Najua utasema nikupigie simu. Simu ndiyo iliyoniambia baba yako amefariki, nikiwa njiani na uji wake kwenye chupa. Sitaki iniambie kitu kingine. Tuandikiane hivi hivi.

Sasa nisikilize na usinicheke. Baba yako anakuja. Jumamosi mchana huwa naenda kufagia kanisa. Nikirudi jioni nakuta kiti chake kina vumbi jeupe, lile lile la machimbo ya Gilgil, alilorudi nalo miaka ishirini na miwili mpaka likamla kifua. Nafuta, na Jumamosi inayofuata liko tena. Mara ya kwanza niliogopa, nikaenda kulala kwa jirani. Siku hizi namwachia chai.

Wewe si unasomea vumbi? Niambie ni yeye.

Mama yako


Stuttgart
19 Mei 2025

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Mguu huo upake dawa, usiubembeleze.

Sijakucheka. Ila vumbi ninalosomea liko mbali kidogo. Sayari ya Zohali ina mwezi mdogo uliofunikwa na barafu. Barafu ile ina nyufa, na nyufa zinarusha maji na chembe hadi angani, kama mvuke unaotoka ardhini kule Eburru tuliokuwa tukiuona tukiwa watoto. Chombo chetu kilipita katikati ya chembe hizo kikiwa na sahani ya chuma. Chembe ikigonga sahani inavunjika, na katika kuvunjika inatuambia imetoka wapi. Ikiwa nzima haisomeki. Ndivyo watu walivyopata kuamini kwamba chini ya barafu ile kuna maji ya moto.

Chombo chenyewe kilikufa mwaka 2017, kiliungua huko huko Zohali. Mimi mpaka leo nasoma kilichoandika.

Nitumie vumbi lako kidogo. Usilitie kwenye bahasha hivi hivi, unga mweupe utatuletea polisi. Libandike kwa selotepu.

Binti yako, Chelangat


Bondeni
1 Juni 2025

Chelangat wangu,

Chamgei. Mguu nimeupaka, umenuna lakini unatembea.

Yaani umevuka bahari kwenda kuangalia vumbi, na mimi nimelifagia maisha yangu yote bila cheti! Lakini nimefurahi. Kumbe na wewe unapokea barua za marehemu, basi tutaelewana.

Selotepu hii hapa, nimeibandika kwenye kadi ya sadaka. Nimeitoa kwenye mto wa kiti, pale anapoegemea. Ishike vizuri, usimpoteze.

Na jana alikunywa chai. Haki ya Mungu, nilikuta kikombe kiko nusu.

Mama yako


Stuttgart
23 Juni 2025

Mama,

Hujambo? Leo sina salamu ndefu. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Niliiweka selotepu chini ya hadubini. Hukukosea, ni vumbi la machimbo. Nimeviona vigamba vidogo vya viumbe wa ziwa la zamani, ambavyo ndivyo vilivyofanya udongo ule mweupe. Lakini katikati yake kulikuwa na uzi wa sufu, wa kijani. Nikaujua. Ni wa sweta niliyomtumia Kipkemoi Krismasi.

Kipkemoi hana harufu ya moshi kwa sababu hachomi nyama. Anafanya kazi machimboni, Mama. Anaingia ukiwa kanisani, anakaa kwenye kiti cha Baba avue buti, anakunywa ile chai, anaoga, anatoka, kisha anarudi jioni kama anayetoka Kikopey.

Najua nimekunyang'anya mtu, na inaniuma. Nilitaka kunyamaza. Lakini uliapa kaburini kwamba hakuna mtoto wako atakayekanyaga kule, na Baba tulimsikia sote akikohoa. Mzuie.

Nisamehe.

Chelangat


Stuttgart
10 Agosti 2025

Mama,

Wiki saba sasa. Kipkemoi hashiki simu zangu. Umenikasirikia, au kuna jambo? Niandikie hata neno moja, naogopa kufungua sanduku la barua.

Binti yako


Bondeni
31 Agosti 2025

Chelangat,

Chamgei. Niko hai, na ndugu yako yuko hai.

Nilikuchukia, mwanangu, nakwambia wazi. Nilikuwa na mume kila Jumamosi, wewe ukanirudishia kaburi.

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata barua yako sikwenda kanisani. Kipkemoi aliingia mweupe hadi nyusi, akanikuta nimekaa kwenye kiti. Akasema, "Mathe, usinipigie kelele, hiyo job iko poa. Ni vumbi tu." Baba yako alikuwa akisema hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo. Nililia mpaka akapiga magoti.

Ameacha. Alipigwa picha ya kifua na daktari anasema bado kiko safi. Kwa hilo asante, hasira yangu imeisha. Buti nilizichoma. Sasa yuko Njoro kwa mjomba wenu anakamua ng'ombe, ana aibu ya kuongea nawe. Hii ni wiki ya tatu hajakanyaga hapa.

Jana nilienda kufagia kanisa. Mlango niliufunga mwenyewe, ufunguo ukawa kifuani mwangu. Kiti nilikuwa nimekifua kwa sabuni, na chai sikuacha, nilikoma tangu barua yako. Niliporudi kiti kilikuwa cheupe.

Nimevaa miwani nikatafuta uzi wa kijani, nimetafuta mpaka macho yanauma. Hakuna.

Najua utaniomba selotepu. Safari hii situmi. Ulisema chembe ikiwa nzima haisomeki, basi niachie hii nzima.

Wacha niipue chai, maziwa yanataka kufurika. Nimetoa vikombe viwili.

Mama yako