Salamu Niliyowapa Sokwe

Jumatatu, 9 Juni

Nimepanga mabegi ya safari ya keshokutwa, ya kwenda kuwaona sokwe wa mlimani, wale gorila. Soksi ndefu, glavu za kujikinga na majani yanayowasha, makoti ya mvua, barakoa mbili kwa kila mtu. Wageni ni mume na mke wastaafu kutoka Dodoma, Mzee Hamisi na Mama Rehema. Kati ya waongozaji wa ofisi yetu ni mimi pekee ninayesema Kiswahili kilichonyooka, faida ya kukulia Bujumbura. Hata shajara hii iko salama kwa sababu hiyo. Ema, mume wangu, hakisomi.

Mwanangu Keza ameleta kikohozi kutoka shuleni. Na mimi koo linawasha. Vumbi tu. Kiangazi kimeanza hapa Rebero, Kigali.

Jumanne, 10 Juni

Si vumbi. Nimekohoa mpaka machozi.

Sheria nimeikariri, mimi ndiye huwaeleza wageni: mwenye mafua au kikohozi hapandi mlimani. Kinachotulaza sisi siku mbili kinaweza kumuua sokwe. Nilishika simu nimwambie bosi. Nikaiweka chini. Mwezi uliopita niliacha safari Keza alipolazwa, na bosi akasema nikikosa tena nitafute kazi kwingine. Nimekunywa dawa ya kikohozi mara mbili ya kipimo. Naogopa. Lakini bosi namwogopa zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya jambo baya.

Kabla ya kupanda, askari wa hifadhi aliuliza kama kuna anayekohoa. Nikamtafsiria Mzee Hamisi, akasema hapana, nikalipeleka jibu lake. La kwangu hakuna aliyelidai.

Tulipanda saa mbili. Familia ya sokwe tuliikuta kwenye mianzi. Mama Rehema alikaa chini akalia kwa furaha, goti lake bovu limesahaulika. Nami hapo hapo kifua kikaanza.

Sokwe tunawasalimu kwa kukwaruza koo. Mara mbili, taratibu, sauti ya chini kabisa. Maana yake tumekuja kwa amani. Nilikibana kikohozi, kikakataa. Ndani ya barakoa kilisikika kikohozi kabisa. Basi nikaishusha barakoa hadi kidevuni, nikakitoa kama salamu. Kisha tena. Kisha tena na tena.

Dume kubwa liliitikia. Silasi, mfuatiliaji wao wa kila siku, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho hupenda kukijaribu kwangu: "Wewe iko naongea na ingagi muzuli sana." Ingagi ndio sokwe kwa Kinyarwanda. Wageni wakatabasamu. Nikajisikia mjanja. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Kisha mtoto wa Mama Kidole, yule jike mwenye kidole kilichopinda, akamwacha mama yake akaja kuangalia nani anasema. Tunatakiwa kurudi nyuma. Nyuma yangu mianzi ilikuwa imeziba. Alifika karibu kiasi cha kuvuta kamba ya kiatu changu. Barakoa bado iko kidevuni.

Alhamisi, 12 Juni

Homa. Ema amenichemshia tangawizi. Ananiuliza kwa nini nimenuna, nikamwambia kichwa.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Nilikohoa mara moja tu, mama mmoja akahamia benchi la mbele. Alifanya sawa. Alikuwa na pa kuhamia.

Jumatatu, 16 Juni

Silasi amepiga simu ofisini kuhusu wageni wa kesho, na nikaipokea mimi. Mwisho akasema, kama habari ndogo: "Ile katoto ya Mama Kidole iko nakohoa." Nikamuuliza wengine je. Hapana, hiyo tu. Nikainuka nikafunga mlango. Sijui nilimfungia nani, nilikuwa peke yangu.

Jumanne, 17 Juni

Safari za kwenda kuiona familia ile zimesimamishwa. Mara hii mimi ndiye niliyempigia Silasi. Mtoto hanyonyi. Pua inatoka maji. Madaktari wa sokwe wanauliza ugonjwa ulianza vipi, hakuna anayejua. Ofisini wanalaumu baridi ya mlimani. Na mimi niliitikia kwa kichwa, Mungu anisamehe.

Naogopa kupoteza kazi. Naogopa jina langu kusemwa Kigali nzima, mjini hapa waongozaji sote tunajuana. Naogopa yule mtoto atakufa. Kila simu ikiita nadhani ni Silasi. Leo nilikimbilia chooni mara mbili, bosi akanitania kwamba nina mimba.

Jumatano, 18 Juni

Nimesema.

Sikumwambia Ema kwanza, wala bosi. Nilitoka ofisini Nyarutarama, nikasimama kwenye ukuta wa nyumba ya watu, nikampigia daktari wa sokwe. Niliongea Kinyarwanda, haraka, kabla sijabadili mawazo. Kikohozi, barakoa, salamu, kamba ya kiatu. Nilidhani atanifokea. Akauliza tu: "Ulianza kukohoa siku gani? Mtoto wako aliugua lini?" Akaandika. Akaniambia niende nikachukuliwe kipimo cha koo. Mlinzi wa nyumba ile aliniletea kiti, maana nilikuwa nimechuchumaa bila kujua.

Ijumaa, 20 Juni

Kirusi ni kilekile. Changu na cha mtoto wa Mama Kidole.

Wamemchoma dawa kwa mshale, na mama yake pia, maana naye ameanza. Daktari anasema wangejua Alhamisi ile, kesho yake baada ya kupanda, wangemwahi mapema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniingia.

Bosi amechukua kitambulisho changu. Nilijua itakuwa hivi, na wala sikuumia nilivyodhani. Ema nimemwambia. Alizima redio akakaa.

Jumapili, 22 Juni

Silasi alipiga asubuhi. "Imekufa." Nikamuuliza mama yake je. "Mama yake iko nabeba bado. Anakataa kuweka chini." Sikwenda misa.

Jumatano, 25 Juni

Mama Kidole amepata nafuu. Anakula.

Mchana Mzee Hamisi ameniandikia. Wamesafisha picha ya yule mtoto akiwa ameshika kiatu changu, wameitundika sebuleni Dodoma, na Mama Rehema humwonyesha kila anayeingia. Amesikia kwamba huku watoto wa sokwe hufanyiwa sherehe ya kupewa jina. Anauliza huyu wao ataitwa nani.

Niliandika "bado hatujajua". Nikafuta. Niliandika kuhusu baridi. Nikafuta.

Nikatuma: "Hatapewa jina, Mzee. Amefariki. Nilipanda nikiwa mgonjwa nikawaficha, na ni mimi niliyemwambukiza."

Ujumbe ameusoma. Nimeanua nguo, maana mawingu yamekusanyika upande wa Gitega, ile ya hapa Kigali.