Mafuta Mdomoni mwa Chifu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Bunia tunaendelea, Mungu anatulinda. Binamu zako wamerudi shule, na mihogo ya Marabo imeanza kufika sokoni.

Umeniuliza hadithi za uongo zinasaidia nini, wakati habari za kweli ziko redioni. Wakati wa vita nilikuwa karani kijana, mwoga sana. Tulikimbilia ukumbi wa parokia, watu wa kila upande. Mchana mmoja niliwasomea watoto kitabu: chifu anakula mbuzi wa kijiji, kisha anawaambia majirani wawili, kila mmoja kwa siri, kwamba mwenzake ndiye mwizi. Wanapigana, na hakuna anayetazama mdomo wa chifu unaong'aa mafuta.

Kesho yake vijana walimzingira mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu.

“Weye, toka. Batu yenu banatia sumu mu maji.”

Nje risasi zilikuwa zinalia. Nilijua ni uongo, ila nilijikunja nyuma ya watoto.

Mzee mmoja, aliyekuwa amesikiliza hadithi ile jana yake, akauliza bila kuinuka, “Nani alisema?”

“Ba askari ya barrière, bale banafunga barabara.”

“Bale banaonyang'anya kila mutu? Muliangalia midomo yabo kama haina mafuta?”

Watoto walicheka kwanza. Kisha kijana mmoja naye akacheka, akakaa chini, na wenzake wakatawanyika. Mimi niliyekisoma kitabu sikuwa nimeona kwamba kinasema juu yetu.

Yule mama alibaki. Ndiye koko yako Furaha, bibi yako mzaa mama. Mama yako alikuwa mgongoni mwake, amelala, wala hakuamka.

Nakukumbatia,
Babu yako